Mbuzi, Ng'ombe na Kadi ya Masika

Siku moja haijawahi kunitoka kichwani, mwanangu, na sitaki initoke. Ni siku ambayo bibi mmoja alishuka kutoka juu ya lori la viazi hapa Goma, mtaa wa Majengo, kitambaa cha msiba kimefungwa kiunoni, sauti imemkauka kwa kulia njia nzima kutoka Butembo. Alikuja kumzika mjukuu wake. Akaingia uani, akamkuta mjukuu mwenyewe ameshika mchi, anatwanga sombe, yale majani ya muhogo.

Aliyemuua mjukuu huyo nilikuwa mimi. Nilimuua kwa wino mweusi, rula na gundi, bila kumgusa hata unywele.

Kaa vizuri nikueleze. Wewe unafanya kazi niliyoifanya mimi maisha yangu yote: vibao vya maduka, kadi za harusi, mabango, na sasa kurasa hizi za kwenye simu. Unaifanya haraka. Mimi ni mtu wa polepole, hata maneno haya nimeyaandika kwa siku nyingi, mstari leo, mstari kesho. Lakini wazee walisema polepole ndiyo mwendo, basi tembea na mimi.

Nilisoma shule ya msingi tu. Vita ilipofika kwetu upande wa Masisi, mwalimu alikimbia, na sisi tukakimbia nyuma yake, tukateremka mjini na magodoro kichwani. Sikuwa na elimu ya kutosha kuwa karani, wala sikuwa na mdomo wa kutosha kuwa mfanyabiashara. Nilikuwa na kitu kimoja: herufi zangu zilikuwa nzuri. Niliziandika taratibu, moja moja, kama mtu anayepanga mayai.

Na nilikuwa na haya, mwanangu. Si haya ya adabu tu, bali haya iliyozidi. Nikienda dukani kununua chumvi na muuzaji akanipa sukari, nilirudi nyumbani na sukari. Mama yangu alicheka mpaka akachoka kucheka, akaanza kwenda dukani mwenyewe.

Kazi nilipata Birere, karibu na mpaka, kwa Papa Zakaria. Alikuwa mtu wa upande wa Bukavu, mnene, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya barabara. Alikuwa na chumba kimoja cha mbao chenye meza mbili, makopo ya rangi, na mashine ya fotokopi iliyojua rangi moja tu, nyeusi. Miaka ile wakimbizi walikuwa wamejaa, kisha vita moja ikafuata nyingine, na kila mtu alihitaji kibao. Kinyozi aliyekimbia na makasi yake alihitaji kibao. Fundi cherehani wa chini ya turubai alihitaji kibao. Watu wa misaada wenye magari meupe walihitaji vibao kuliko wote, maana wao walisahau hata choo chao kiko wapi kama hakijaandikwa.

Papa Zakaria alizungumza na wateja. Mimi nilikaa meza ya nyuma. Akiwa ameelewana na mtu, aliniletea kipande cha karatasi chenye maneno mawili matatu, nami nikachora. Alinipa jina la Kimya.

"Kimya," alikuwa akisema, "weye siku ukikufa, tutajua kisha siku tatu."

Nilicheka kwa ndani. Hata kucheka nilikuwa nacheka kwa ndani.

Sasa ikatokea Papa Zakaria amepanda mashua kwenda Bukavu kuona ndugu zake, na mimi nimebaki peke yangu na meza zote mbili. Asubuhi moja akaingia Papa Musavuli, muuza maharage, mtu wa Butembo aliyekuwa akiishi Majengo. Alikuwa anamwoza binti yake wa kwanza, Masika, kwa kijana wa Bukavu aitwaye Mugisho. Alikuwa na haraka ya kutisha. Lori la kwenda Butembo lingeondoka kesho yake asubuhi, na njia ya Rutshuru siku zile ilikuwa ikifunguka na kufungwa kama mlango wa duka. Kadi za ndugu wa Butembo zikikosa lori lile, zingefika baada ya harusi.

Akanipa picha ya Masika. Akanipa karatasi yenye siku, kanisa na majina.

"Picha ya bwana arusi itakuya na mashua," akasema. "Fanya muzuri, mutoto wangu. Ikuwe kadi ya heshima. Umesikia? Ya heshima."

Nikatikisa kichwa. Akaondoka.

Mwanangu, maswali matatu yalinijia pale pale. Je, ningoje picha ya bwana arusi, au niendelee bila yake? Heshima anayoitaka ni ya namna gani? Na kadi hizi, zikifika huko Butembo, ni nani atakayezishika? Maswali yote matatu yalifika kwenye ulimi, yakaogopa, yakarudi chini. Ningeweza kumkimbilia barabarani. Alikuwa bado anavuka kati ya chukudu mbili, zile baiskeli za mbao, zilizobeba makaa, namwona kabisa. Nikakaa.

Nikajiuliza mwenyewe: kadi gani ya heshima niliyowahi kuichora? Nikakumbuka moja. Mwezi uliopita nilikuwa nimechora kadi ya kumuaga katekista mmoja mzee. Kila aliyeiona alisema, "Hii sasa njo heshima." Nikatoa mfano wake. Nikapiga mstari mnene mweusi kuzunguka karatasi. Juu nikaweka msalaba. Katikati nikabandika picha ya Masika, peke yake, anatazama mbele bila kutabasamu, kama tulivyozoea kupigwa picha wakati ule. Chini yake jina lake kwa herufi kubwa. Maneno ya harusi yote niliyaweka ndani, kadi inapofunguliwa. Nikapitisha kwenye fotokopi. Ilikuwa nzuri! Nilijipongeza. Niliiweka mbali, nikaisogeza karibu, nikaigeuza kwenye mwanga.

Wewe unaona tayari nilichofanya. Hapa kwetu picha ya mtu mmoja, msalaba juu, mstari mweusi pembeni, ndiyo picha tunayoipachika kifuani siku ya mazishi. Lakini mtu aliyekaa na kazi yake peke yake haoni. Anaona mistari iliyonyooka tu.

Asubuhi Papa Musavuli akaja anakimbia. Akafungua kadi, akasoma ndani kwa kidole: kanisa, siku, majina. "Majina iko sawa," akasema. Ya nje aliitazama kama mtu anavyotazama mlango akiwa anaingia nyumbani. Akazitia kwenye bahasha, akakimbilia lori.

Za Majengo ziligawiwa mchana ule ule. Kabla jua halijapoa, jirani yao Mama Furaha aliingia uani na mfuko wa makaa kichwani, msaada wa matanga. Akautupa chini, akakaa kwenye vumbi, akaanza kulia. Masika akatoka ndani na kikombe cha chai.

"Mama Furaha, pole. Nani alikufa?"

Mama Furaha akainua macho. Akatazama kikombe, akamtazama aliyekishika.

"Ni weye!"

Watu wa mtaa walicheka, bila shaka. Mama Furaha alikunywa chai na kudai makaa yake. Lakini Papa Musavuli hakucheka. Alikuja Birere bila kofia, jasho linamtiririka.

"Kimya! Umeniulia mutoto! Na lori imekwisha kwenda!"

Hapo nikaweka burashi chini. Maana huko Butembo, kadi ya kwanza kabisa ilikuwa ya Koko Katungu, mama mzazi wa Papa Musavuli, bibi aliyemlea Masika tangu akiwa mchanga. Koko hakujua kusoma hata herufi moja. Alikaa peke yake pembeni ya shamba. Na miaka ile, mwanangu, habari ya kifo haikuomba ushahidi. Mtu akiambiwa fulani amekufa Goma hakuuliza kwa nini. Aliuliza amezikwa wapi.

Masika mwenyewe alikuja nyuma ya baba yake. Sikuwahi kumwona ila kwenye picha. Hakunitukana. Alisema tu, "Koko yangu ni muzee. Moyo yake itapasuka." Nikatamani anitukane.

Simu za mkononi hazikuwapo kwa watu kama sisi. Wakaandika barua ya kusahihisha, ikangoja lori, na lori likangoja njia. Siku nne nilikaa karakana bila kushika burashi. Harusi ilikuwa Jumamosi. Jumanne ndipo barua ilipopishana na Koko barabarani, yeye akija, barua ikienda.

Nilikuwapo alipofika. Papa Zakaria, aliyekuwa amerudi, alinikamata mkono na kunivuta mpaka Majengo nikaombe msamaha wa familia. Tukiwa uani, lori likasimama nje, na Koko akaingia kama nilivyokwambia. Kilio chake kilikatika katikati. Mchi ukaanguka. Masika akasema, "Koko, sikukufa." Bibi alimshika mashavu, akamshika masikio, akamshika mabega, akamgeuza nyuma, akamgeuza mbele, kama mtu anayenunua kitu na kuogopa kudanganywa. Kisha akakaa chini kwenye vumbi na kucheka, na machozi hayakujua kama yakome au yaendelee. Moyo haukupasuka. Wamama wa milimani, mwanangu, moyo wao umebeba mizigo mikubwa kuliko kadi.

Alipokwisha kunywa maji, alitoa ile kadi kifuani, imekunjwa imelowa.

"Nani alichora hii?"

Papa Zakaria akanisukuma mbele.

"Ni miye, Koko," nikasema. Nadhani hata yeye hakunisikia.

"Ongea! Wakati wa kuua ulikuwa na nguvu!"

Watu wakacheka. Mimi nikaanza kueleza, juu ya haraka, juu ya picha ya bwana arusi, juu ya lile neno la heshima nisilolielewa.

"Kama hukuelewa, sababu gani hukuuliza?"

"Niliona haya, Koko."

Alisema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo, na nakupa wewe uyabebe.

"Haya yako ni ya kujipenda, mutoto. Uliogopa kuonekana mujinga dakika moja. Miye nikalia siku tatu juu ya dakika yako."

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningesahau.

Kisha akamgeukia mwanawe. Akasema kwamba machozi yake aliyamwaga juu ya karatasi ile, na wanawake wote wa kijiji wamelia pamoja naye, hakuna aliyekumbuka kuifungua. Hawezi kuingia kanisani kucheza kwa karatasi aliyoililia. Atengenezewe nyingine, na hiyo nyingine ataisoma yeye mwenyewe, yeye asiyejua kusoma. Akiitazama na kuona harusi bila mtu kumwambia, ataingia. Asipoona harusi, atarudi na lori la Ijumaa.

"Kama Koko haiingie, na miye siingie," Masika akasema.

Baba yake akashika kichwa. Ndugu wa Bukavu walikuwa tayari njiani. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa asubuhi: basi. Na harusi nzima ilikuwa imekaa juu ya mkono wangu.

Jumatano Koko alikuja Birere akaketi kwenye kiti cha wateja, miguu imenyooshwa, kitambaa cha msiba amekifungua na kujifunga kichwani kama kilemba. Wapita njia walidhani ndiye mwenye duka.

Nikachora pete mbili zilizoshikana, kama nilivyoziona kwenye kadi za kununuliwa. Nikampa.

"Minyororo," akasema. "Nani alifungwa?"

Papa Zakaria akageukia ukuta, mabega yanamtikisika.

Nikachora njiwa wawili wenye utepe mdomoni. Niliwachora kwa saa mbili, unyoya kwa unyoya. Koko akaigeuza kadi juu chini.

"Kuku mbili. Na kamba iko tayari. Ni ya kuchinja?"

"Ni njiwa, Koko. Maana yake ni mapendo."

"Hapana kuniambia! Siku kadi itafika kwetu, weye utakuwa ndani ya bahasha?"

Mwanangu, sijapata kusikia somo la kazi yetu lililo fupi kuliko hilo. Nimekaa na vijana waliosoma Kampala na Kinshasa, wamenieleza kwa siku nzima, na wote walikuwa wanazunguka hapo hapo. Kazi yako ikishaondoka mkononi, wewe hutakuwa ndani ya bahasha. Haitakuwa na mtu wa kuitetea.

Nilichora maua, akasema ni kabichi. Jioni ya Jumatano nilikuwa na karatasi kumi na moja chini ya meza na moyo mzito. Alhamisi asubuhi nikakaa mbele yake mikono mitupu. Sikuwa na kitu tena cha kuchora, na nadhani ndiyo maana nilifungua mdomo. Mficha uchi hazai, walisema, nami nilikuwa nimeficha wangu mpaka nikaishiwa nguo.

"Koko," nikasema, "kwenu mutu akiwa mbali, kwenye kilima ingine, ni nini anaona anajua hapa kuko arusi?"

Lilikuwa swali langu la kwanza kumuuliza mteja. Niliona uso wake ukifunguka kama dirisha.

"Ah! Sasa unaongea! Anaona mbuzi."

Akaanza kunieleza. Mbuzi wa mahari wanavyopita njia ya kilimani, mmoja mmoja, kamba shingoni, na watoto nyuma yao wanawahesabu kwa sauti. Mwenye shamba anavyosimamisha jembe na kuuliza ni mbuzi wa binti gani. Mbuzi mmoja mkaidi anayekataa kuingia mlangoni mpaka asukumwe matako. Aliniigizia yule mbuzi pale kwenye kiti, na mimi nikacheka. Kwa nje, mwanangu. Papa Zakaria aliacha kazi yake kunitazama.

Nikachora mbuzi, kamba, mlango wa nyumba. Koko akaipokea, na kabla sijaiachia akasema, "Arusi!"

Tulikuwa tumemaliza, tulidhani. Lakini mchana huo mashua ilifika, na Mugisho bwana arusi akaja karakana na mjomba wake, mzee mrefu mwenye kofia na fimbo. Mjomba akavaa miwani.

"Mbuzi?" akasema. "Mbuzi ya nini? Sisi tulitoa ng'ombe. Batu ya Bukavu wakiona mbuzi hapa, watasema mutoto yetu alioa kwa bei ya soko."

"Na batu ya Butembo wakiona ng'ombe," Koko akajibu, "watasema tuliuzisha mutoto kwa maziwa!"

"Mama, ng'ombe ni heshima."

"Ng'ombe ni mukubwa. Mukubwa si heshima."

Neno lile lile, heshima! Limenitesa neno hilo. Kijana Mugisho alinitazama kwa macho ya kuomba, maana aliona ndoa yake inasimama kati ya pembe na ndevu. Zamani ningeingia chini ya meza. Lakini mdomo ulikuwa umeshaonja kuuliza.

"Papa," nikamwuliza mjomba, "ng'ombe akifika kwa mukwe, anasimama wapi?"

"Mbele ya mulango."

"Na mbuzi, Koko?"

"Mbele ya mulango."

"Mulango moja?"

Wakatazamana. Sikungoja jibu. Nikachora mlango mmoja katikati. Kutoka kushoto mbuzi anakuja kutoka milimani, ndevu zimenyooka kwa kiburi. Kutoka kulia ng'ombe anapanda kutoka ziwani, pembe kubwa. Kamba zao zimefungwa fundo moja juu ya mlango, na wao wenyewe wamekutana pua kwa pua. Niliacha pembeni weupe mwingi, bila mstari wowote wa kuzunguka. Nilishakinai mistari.

Koko aliishika muda mrefu. Hata mwendesha chukudu aliyeingia kuuliza njia alisogea kuitazama. Nami nilinyamaza, na safari hii haikuwa kwa haya. Nilikuwa nangoja kuona anachoona.

"Huyu ng'ombe," akasema taratibu, "ametoka mbali. Hajue njia. Anauliza mbuzi: nyumba ya Masika ni wapi? Na mbuzi anasema: fika, ni hapa." Akainua macho. "Ni arusi. Ya batu wawili wasiofanana. Wasingya, asante, mutoto wangu."

Mjomba akavua miwani na kusema kwamba kwa kweli ni ng'ombe aliyechorwa vizuri, ingawa mbuzi amechorwa mnene mno. Ijumaa asubuhi mashine ya fotokopi ilizitoa, na watoto wa Majengo wakazigawa mbio. Jumamosi Koko Katungu aliingia kanisani wa kwanza. Na kwenye karamu alimwigiza mbuzi tena, mbele ya wakwe, mpaka mjomba mwenye fimbo akalazimika kusimama na kuwa ng'ombe. Mama Furaha alileta mfuko wa makaa, ule ule, akamwambia Masika: "Safari hii usinizungushe."

Tangu siku ile nimefanya kazi nyingi, na zote nimezifanya kwa njia ya Koko. Vita nyingine ikaja, wakimbizi wapya wakajaa kambini, na wakaniita nichore bango la maji safi. Nikachora sufuria nzuri kwenye jiko. Kabla ya kulimaliza, nililibeba likiwa na penseli tu mpaka kwenye bomba, nikamwonyesha mama mmoja aliyepanga foleni na bidoni yake, dumu la maji, nikanyamaza. Akalitazama. "Hii jikoni ni ya nani?" akasema. "Wako na bahati, walikimbia na jiko." Nikafuta, nikachora mafiga matatu na bidoni ya njano. Sasa wakasema, "Ni sisi."

Mtandao ulipokuja nilikuwa na mvi tayari. Wafuga ng'ombe wa Masisi walitaka ukurasa wa kuuza jibini yao. Niliweka picha ya kilima kizima, majani yanang'aa, ng'ombe wanahesabika. Kwenye kompyuta yangu ilikuwa kama kukaa peponi. Nikaenda Birere kwa mama muuza jibini, nikamwomba afungue kwa simu yake mwenyewe. Akangoja. Akauza vipande viwili vya jibini. Akangoja tena. "Papa," akaniambia, "kilima yako ni kama ofisi ya serikali. Unangoja, unangoja, kisha wanakuambia urudie kesho." Nilirudi nikapunguza kilima mpaka kikawa kidogo kama kiberiti, nikaweka juu kabisa bei na namba ya kupigia. Haikuwa peponi tena, lakini ilifunguka, na jibini ikauzwa.

Miaka mingi baadaye, Masika aliingia karakana yangu. Alikuwa mama mzima sasa, na watoto wakubwa wanamfuata. Koko Katungu alikuwa amelala usingizi wa mwisho kitandani kwake Butembo, akiwa ameshiba siku, bila vita kumgusa. Masika alitaka kadi ya kumuaga.

Nikachukua rula. Nikapiga mstari mweusi pembeni, mnene, na safari hii mstari ule ulikuwa mahali pake. Nikaweka msalaba. Nikaweka picha ya Koko. Kisha nikaweka kalamu chini, nikamwuliza Masika: "Koko mwenyewe angeitazama hii, angesema nini?"

Masika akaitazama, akajifuta macho.

"Angesema: mbuzi yangu iko wapi?"

Nikamchora mbuzi mdogo pembeni chini, anakataa kuingia mlangoni. Waliniambia kwamba kwenye matanga kila aliyeipokea kadi alilia, kisha akafika pale chini, akacheka, kisha akalia vizuri zaidi. Sijafanya kazi nyingine ninayojivunia kama hiyo.

Basi, mwanangu, hili ndilo ninalokuachia. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na kwetu sisi wachoraji asiyeuliza ana mabaya anayowafanyia wengine. Mtu akikuambia anataka kitu cha heshima, au kizuri, au cha kisasa, usikimbilie kompyuta. Kaa naye, mwulize heshima ya kwao inatembea kwa miguu mingapi. Chora kidogo, kwa penseli, kisha mpelekee yule atakayeipokea, si yule anayekulipa tu. Umpe mkononi, ufunge mdomo, na akiona kabichi pale ulipochora waridi usibishane naye. Ni kabichi. Na kama una haya kama mimi, usihangaike kuiondoa yote, mimi bado ninayo. Mtu mwenye haya husikiliza vizuri. Ila iache haya yako nyumbani kwa dakika moja tu, ile dakika ya kuuliza, ili mtu mwingine asilie siku tatu.

Mungu akupe mkono usiotetemeka na sikio lisilochoka. Akupe wateja wenye maneno mengi, na Koko mmoja wa kukuambia ukweli. Njia zako zifunguke na zisifungwe. Na kila karatasi itakayotoka mikononi mwako ifike mlango unaotakiwa, ikakute watu wakiwa wazima, wanatwanga sombe yao kwa amani.